Nilitaka Creedmoor, nikarudi nyumbani na .22

Kabla ya mchezo huu wa shabaha, mara ya mwisho kushika bunduki ilikuwa JKT: SMG kuukuu, risasi tano, afande anafoka kisogoni. Nilipata mbili. Sikuwaza tena mambo ya shabaha mpaka mfanyakazi mwenzangu hapa Columbus, Ohio, aliponipeleka uwanjani Jumamosi moja, nikalala nyuma ya bunduki yake ya 6.5 Creedmoor, aina ya risasi ya masafa marefu, na kugonga bamba la chuma lililoning'inizwa yadi 200. Usiku ule sikulala, natazama bei tu.

Bajeti ilikuwa dola 1,000, bunduki na darubini humo humo. Nilianza na zile zinazotajwa na kila mtu: Ruger American, Savage, Howa ya Kijapani, na Tikka ya Ufini kama ningejibana. Sina ugomvi na hata moja. Kilichonivunja nguvu ni hesabu ya risasi. Sanduku la Creedmoor 20 za kulengea shabaha, dukani kwetu, ni dola 35 hivi. Piga 60 asubuhi moja, zaidi ya mia imeondoka na hujanywa hata soda. Ni kununua ng'ombe wa kisasa bila kuuliza pumba zinauzwaje. Halafu uwanja wetu unaishia yadi 200. Kwa umbali huo Creedmoor haijaanza hata kuhangaika; upepo ambao ungekufundisha kitu, yenyewe inaupita tu.

.22 LR, ile risasi ndogo, haipiti kitu. Risasi yake ya kawaida ya shabaha ina greni 40 (gramu 2.6 hivi) na inatoka chini ya mwendo wa sauti. Ukiiweka sawa kwa yadi 50, ikifika 200 imeshuka zaidi ya mita moja. Upepo wa maili 10 kwa saa ukitoka ubavuni unaisogeza inchi nne hivi kwa yadi 100 tu. Yale yote anayohangaika nayo mpigaji wa yadi 1,000, unayapata hapa kwa senti chache.

Nikachukua CZ 457 Varmint ya Ucheki, dola mia sita kasoro. Mtutu ni mnene, inchi 20.5, na kitako ni cha mti wa jozi, si plastiki. Kishikio cha kukokia kinapanda nyuzi 60 tu, kwa hiyo vidole havigongani na darubini. Kifyatulio unakirekebisha mwenyewe. Changu nimekilegeza mpaka kinaachia kama kijiti kikavu kinavyovunjika, bila kuburuta. Magazini inayokuja nayo ni ya risasi tano, na ukitaka ya kumi unanunua kando. Uzito ni kilo tatu na ushee, na mimi naupenda, maana bunduki inatulia juu ya mfuko wa mchanga kama mzee kwenye mkeka.

Sasa kosa langu. Pesa iliyobaki ilikuwa ndogo, nikaagiza darubini ya bei ya kutupa mtandaoni. Wiki tatu nikaamini nimeuziwa bunduki mbovu. Leo matundu yako kushoto, kesho yako juu, na mimi nalaumu mtutu. Mzee mmoja uwanjani akaniambia nichore mraba: piga tano, panda mibonyezo 20 kwa gurudumu la darubini, piga tano, nenda kulia 20, piga, shuka 20, piga, rudi kushoto 20. Tano za mwisho zilitakiwa ziangukie juu ya zile za kwanza. Zangu ziliangukia karibu na pembe ya karatasi. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Bunduki haikuwa na kosa lolote; mbovu ilikuwa darubini.

Nikakaa miezi miwili nikidunduliza, nikanunua Athlon Argos BTR ya 6-24x50, yaani inakuza mara 6 hadi 24. Inanoa picha kuanzia yadi 10, jambo ambalo kwa .22 ni la lazima, na mraba wake ulifunga. Nilivuka bajeti kidogo, tusemezane ukweli. Ningeanza upya, ningenunua darubini kwanza ndipo nitafute bunduki ya kuiwekea.

Risasi nazo zina tabia. Nilijaribu CCI Standard, SK Standard Plus na Lapua Center-X. Hizi mbili za mwisho zinatoka kiwanda kimoja, Schönebeck, Ujerumani, ingawa jina Lapua ni la Ufini. Mtutu wangu umeipenda SK: kwa yadi 50, tano zinajificha nyuma ya sarafu ya senti kumi. Center-X ilikuwa bora kidogo, ila mfuko wangu haukukubali. Mtutu wako unaweza kuchagua nyingine kabisa, kwa hiyo nunua sanduku moja moja kwanza.

Kwa ndugu zangu wa huku mnaouliza makaratasi: mimi nina grini kadi. Nilijaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, nikasubiri jibu la ukaguzi wa FBI, nikaondoka nayo siku ile ile. Mwenye viza ya uanafunzi au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, usijaribu bahati. Ndani ya nyumba inakaa kwenye kabati la chuma, funguo ninazo mimi. Mama aliposikia kwenye simu alinyamaza kwanza. "Bunduki ya nini baba, huko kuna vita?" Nikamwambia natoboa karatasi. Hajaridhika mpaka leo.

Nimeanza kuingia NRL22, mashindano ya shabaha ya bunduki za .22. Yana daraja la Base lenye kikomo cha bei ya bunduki na darubini, kwa hiyo sisi wa mifuko myepesi tunashindana wenyewe kwa wenyewe. Mara ya kwanza nilikuwa wa pili kutoka mwisho.

Ila raha yangu bado ni lile bamba la yadi 200. Unafyatua, bunduki haijastuka hata kidogo, na hakuna kinachotokea. Unaanza kujuta. Zaidi ya sekunde moja nzima imepita, ndipo inakuja kwa mbali: ting. Jumamosi iliyopita, ishirini nilizopiga, ting nilizisikia kumi na tatu.