Msaada wa kijeshi kutoka nje: tumewapima waliohudumu Cabo Delgado

Cabo Delgado ni mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji ambako serikali inapigana na waasi wa Kiislamu, na imeita majeshi na kampuni za kigeni kuisaidia. Wasomaji wa Dar wanaodhani hii ni habari ya jirani wakumbuke Oktoba 2020, wapiganaji wa waasi hao walipovuka Mto Ruvuma wakaivamia Kitaya, Mtwara. Huduma hii inakaguliwa kama unavyomkagua fundi kabla ya kumkabidhi nyumba: nani anamlipa, anawajibika kwa nani, na akiondoka anaacha nini.

Wagner, kampuni ya mamluki wa Urusi, hawafai. Walifika Septemba 2019, takriban watu 200, na kufikia Novemba walikuwa wamesharudi nyuma hadi bandari ya Nacala baada ya kuviziwa na kupoteza watu. Walijua vita vya Syria. Msitu mnene wa Cabo Delgado ni kitu kingine. Hawakuelewana na jeshi la Msumbiji, na bila lugha ya wenyeji hakuna taarifa za kijasusi. Ukikosa taarifa, doria yako ndiyo inayowindwa.

Dyck Advisory Group, kampuni binafsi ya kijeshi ya Afrika Kusini, ilichukua nafasi Aprili 2020, ikifanya kazi na polisi. Chombo chao kikuu kilikuwa Gazelle, helikopta ndogo ya viti vitano, rubani akiwemo. Inafaa kushambulia kutoka juu, ila haishiki ardhi. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu waliokimbilia hoteli ya Amarula walitolewa wachache wachache, maana viti ndivyo hivyo. Mwezi huohuo shirika la haki za binadamu la Amnesty International liliwatuhumu kwa kuwafyatulia risasi raia. Kampuni ilikana, na mkataba haukuendelea zaidi ya Aprili. Hapa ndipo penye hasara isiyoandikwa kwenye ankara: risasi hutoka kwa mgeni, chuki hubaki kwa serikali, na waasi hupata vijana wapya bila kuhangaika.

Rwanda ndiyo iliyofanya kazi ya kuonekana. Askari na polisi 1,000 waliingia Julai 2021, na mwezi uliofuata mji wa bandari wa Mocímboa da Praia ulikombolewa, baada ya mwaka mzima mikononi mwa waasi. Kwamba wengi wao wanazungumza Kiswahili na watu wa pwani si jambo dogo. Raia huongea na anayemwelewa. Lakini soma mkataba vizuri. Walianzia Palma na Mocímboa, eneo la mradi wa gesi wa TotalEnergies, kampuni ya Ufaransa, na waasi waliobanwa huko wakashuka kusini: Juni 2022 wilaya ya Ancuabe ilishambuliwa. Umoja wa Ulaya ulikichangia kikosi hicho cha Rwanda euro milioni 20 mwaka 2022 na nyingine 20 mwaka 2024. Anayelipa ana kauli, na huyo si serikali ya Maputo.

SAMIM, kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilikuwa na sura ya undugu na mfuko mwembamba. Kosa lake liko kwenye kuondoka. Wakati askari wake wa Afrika Kusini wakifunga virago, waasi waliingia mji wa Macomia tarehe 10 Mei 2024. Kukabidhi eneo kunahitaji kikosi cha mwenyeji kiwe kimeshakaa na mgeni, kimejua njia na watoa taarifa wake, kabla gari la kwanza halijaondoka. Tanzania ilibakiza askari wilaya ya mpakani ya Nangade kwa makubaliano ya nchi mbili, na hilo lina mantiki, kwani mpaka ni wake pia.

Mafunzo ya Umoja wa Ulaya, yaliyoanza mwishoni mwa 2021, tunayapa alama ya kati. Makomandoo na askari wa majini walifundishwa, na vifaa visivyo vya kuua vya euro milioni 89 vikaahidiwa. Swali la kuuliza ni la vipuri: gari likiharibika Mueda, huko huko Cabo Delgado, nani analitengeneza, na kwa fedha ya nani? Afghanistan mwaka 2021, mafundi wa kigeni walipoondolewa, ndege nyingi zilibaki chini.

Mteja bora tunayemjua ni wa hapahapa. Januari 1964 Nyerere aliwaita makomando wa Uingereza kuzima maasi ya askari wa Kambi ya Colito, leo Lugalo. Mwezi uliofuata akaiitisha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, hapa Dar, Aprili Wanaijeria wakachukua nafasi ya Waingereza, na tarehe 1 Septemba JWTZ ikaundwa upya. Kazi ndogo, mgeni akaondoka ndani ya miezi, na mafunzo yakagawanywa kwa nchi zaidi ya moja, Kanada na China zikiwemo, ili asitokee mmoja wa kuushika ufunguo wa ghala.