Kwiki kapla ya ekskaveta: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwiki kapla ni chuma kinachokaa kati ya mkono wa ekskaveta, ile mashine ya kuchimba, na baketi yake, ili baketi ibadilishwe haraka bila kugonga pini. Kabla hujaulizia bei, hesabu kwa siku unabadilisha baketi mara ngapi. Mimi nimezipanga kapla hizi kwa hesabu hiyo, na mashine niliyonayo kichwani ni ile ya tani 20 iliyojaa kwenye saiti zetu.

Aliyechimba mtaro wa bomba mjini anaijua karaha ya pini, vile vyuma vya mviringo vinavyoishikiza baketi kwenye mkono wa mashine. Asubuhi baketi nyembamba, mchana ile pana ya kusawazisha, jioni mmegonga mwamba mnataka nyundo ya mashine ya kuvunjia mawe. Kila badiliko utingo anabeba nyundo ya mkono, pini imeng'ang'ania kwenye bushi, yaani tundu lake, kwa kutu na mchanga, opareta anachezesha mkono wa mashine kidogo kidogo akitafuta tundu. Nusu saa imekwenda, na kichwa cha pini kikimeguka, kipande kinaruka usawa wa macho.

Kwa kazi ya namna hiyo, namba moja ni kapla ya haidroliki, yaani ya kusukumwa na oili, inayokamata pini. Inashika pini zilezile za baketi ulizonazo, hata baketi uliyoazima, mradi kipenyo cha pini kiwe sawa na umbali kati ya pini mbili usizidi uwezo wake. Opareta habanduki kwenye kiti, anatumia swichi tu. Ila iwe na vitu viwili: vali inayozuia oili isitoke kwenye silinda hosi ikipasuka, na kufuli la pili linaloshika pini ya mbele lenyewe. Hapo hata ya nyuma ikiachia, baketi inabaki inaning'inia.

Ile ya zamani, ambayo haidroliki inafunga halafu mtu ashuke akachomeke pini ya usalama kwa mkono, usiiguse hata ukipunguziwa nusu bei. Saa kumi jioni, watu wamechoka, nani anashuka? Baketi kuchomoka si hadithi ya vijiweni: mwaka 2005 OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya jambo hilohilo. Muulize muuzaji kama kapla yake inafuata ISO 13031, kiwango cha usalama cha mwaka 2016. Akikuuliza hicho ni kitu gani, umeshapata jibu.

Namba mbili ni ya kufunga kwa mkono, kwa spana. Haina hosi wala nyaya, kwa hiyo haina cha kuvuja. Ukibadilisha mara moja kwa siku mbili tatu, inatosha kabisa, na pesa inayobaki nunua baketi ya pili.

Namba tatu itawashangaza wauzaji: usinunue. Mashine inayopakia kifusi kwenye tipa mwaka mzima kwa baketi moja haihitaji kapla. Chuma hicho kina kilo mia kadhaa, kinakaa mwisho kabisa wa mkono, na kinaisogeza baketi mbali zaidi na silinda inayoikunja. Meno yanapoteza nguvu ya kung'oa, na kila safari ya mkono unabeba uzito usiopakia kitu.

Namba nne ni za kabari, zinazobana baketi kwa chuma cha kuchomeka kama kabari, au za mfumo wa S wa Sweden, kama S60 na S70. Zinabana vizuri, hazichezi. Tatizo ni kwamba kila baketi inachomelewa masikio yake maalumu, hivyo ya kukodi kwa jirani haiingii. Za mwisho ni zile zinazounganisha na hosi za oili zenyewe, kama OilQuick. Ni nzuri mno kwa wabomoaji wa majengo wanaobadilisha nyundo na mkasi kutwa nzima. Mchimba mtaro atalipia raha asiyoitumia.

Usiagize kwa jina la mashine peke yake. Niliwahi kufanya hivyo, kapla ikaja, mkono ukagoma kuingia kwa milimita chache, tukashinda na grenda siku nzima. Mashine za mtumba zimepita mikono ya mafundi wengi. Pima mwenyewe kwa vernia, kile kipimo cha taya mbili: kipenyo cha pini (tani 20 nyingi ni milimita 80), upana wa ncha ya mkono, na umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya nyingine. Hakikisha pia koili ya vali, yaani sumaku ya umeme inayoifungua, ni ya volti 24, maana za mashine ndogo ni 12.

Kabla ya kulipa, ifungwe mbele yako. Baketi ikiwa karibu na ardhi, ikunjwe, meno yakandamizwe chini na kuvutwa nyuma, huku watu wote wakiwa mbali. Kisha zima injini, kunywa chai, rudi uangalie kufuli. Likiwa limelegea hata kidogo, mwachie kapla yake.