Uzoefu wangu Kigoma na fukwe zake: ziwa zuri, ila yule kijana wa getini sitamsahau

Naandika hii bado nina hasira japo imeshapita muda, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Ilikuwa baada ya mavuno, mwezi wa nane kuelekea wa tisa hivi, nikamtoa mama Tabora nikampeleka Kigoma akaone ziwa. Mama yangu ana miaka 70 na kitu na maisha yake yote hajawahi kuona maji ambayo hujui ng'ambo yake inaanzia wapi. Baba yake, yani babu yangu, alikuwa kibarua wa reli, na alikuwa anawaambia wanae kwamba hii reli inayopita hapa Tabora ukiifuata inakupeleka mpaka majini, reli inaishia hapo na meli inaanzia hapo. Mama kakua na hayo maneno kichwani. Miaka yote ananiambia "nikifa sijaona mwisho wa reli mtanizika na kiu". Sasa ukishaambiwa hivyo na mzazi utakaaje? Nikadunduliza, nikakata tiketi.

Safari ya treni sina la kulalamika. Usiku kucha mama hajalala, kila stesheni anauliza hapa wapi, Urambo, Kaliua, na Uvinza akanunua chumvi dirishani wakati chumvi nyumbani ipo, anasema hii ndiyo chumvi ya utoto wake. Tulipofika Kigoma, lile jengo la stesheni la Mjerumani unaliona kwanza, kubwa, nene, na hapohapo chini yake bandari na ziwa. Mama akasimama na kapu lake mkononi, watu wanampita, mimi namvuta hataki. Akaniambia "kumbe mzee hakudanganya". Reli ilifika pale 1914, kwa hiyo hata babu aliyakuta tayari hayo mambo.

Akataka aoneshwe Liemba, ile meli ya zamani. Tukaiona kwa mbali, imetulia. Babu ndiye aliyewapa habari zake, kwamba Mjerumani aliileta vipande vipande kutoka kwao ikaja kuungwa hapohapo Kigoma, ikashuka majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe adui asije akaichukua, halafu Mwingereza akaja kuiibua 1924 na 1927 ikaanza tena kubeba watu. Mama anaisimulia hiyo meli kama ndugu yake aliyefufuka.

Ujiji tulienda kesho yake kwa daladala, sitasema mengi, ni pazuri, watu wamevaa kanzu na barghashia wamekaa barazani, Kiswahili chao kimenyooka utadhani uko pwani ya bahari. Tukaingia pale kwenye kumbukumbu ya Stanley na Livingstone walipokutana 1871 chini ya mwembe. Aliyetutembeza alipojua tunatoka Tabora akafurahi, maana wale wawili waliondoka Ujiji wakaja kwetu, na Livingstone akakaa Kwihara mpaka mwezi wa nane 1872, tembe lake tunalo. Mama akamwambia basi sisi na nyie tumelea mgeni mmoja. Chini ufukweni tukakuta mafundi wanaunda boti za mbao, wanapigilia pamba kwenye nyufa, tukakaa tukaangalia hakuna aliyetuuliza kitu.

Sasa nakuja kwenye kilichonifanya niandike.

Siku ya tatu nikasema leo mama akae ufukweni kweli, kwenye mchanga na kivuli, siyo kupitapita. Nikaelekezwa sehemu moja nje kidogo ya mji, jina nalihifadhi. Tukachukua bajaji. Mama ana vidonda vya tumbo vya siku nyingi, hatakiwi kukaa na njaa hata saa mbili tatu, kwa hiyo popote anapokwenda anabeba chupa yake ya chai ndani ina uji wa ulezi. Ni chupa nyekundu ya maua, kifuniko kimepauka, ameitumia toka nikiwa shule ya msingi. Na matobolwa kidogo kwenye mfuko, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ya kutafuna. Basi. Hatujabeba pilau, hatujabeba jiko.

Getini tukalipa kiingilio, elfu tano tano, risiti hakuna, nikanyamaza. Kijana wa getini akaliona kapu. "Hicho nini?" Ndivyo alivyoanza. Hakuna shikamoo, hakuna karibu, hakuna chochote. Naomba mlielewe hili vizuri, mama mtu mzima, kajifunga kanga mbili, nywele nyeupe, kasimama mbele ya mtoto wa miaka 22 au 23 na mtoto hana shikamoo. Mama ndiye aliyeanza yeye, "hujambo mwanangu", akajibiwa "poa" huku mkono umeshaingia kwenye kapu. Akatoa chupa. Akafungua kifuniko. AKANUSA. Amenusa uji wa mama yangu kama mtu anayetafuta gongo.

"Vyakula vya nje haviruhusiwi."

Nikamwelewesha taratibu kabisa, nikamwambia mdogo wangu huyu mzee ni mgonjwa, huu uji ni kama dawa, chakula chenu tutanunua, tutanunua samaki, tutanunua soda, mimi mwenyewe nina njaa. Akasema jikoni kwao kuna supu. Nikamwambia supu ya pilipili kwa mtu mwenye vidonda? Ndipo akasema lile neno, na nalinukuu lilivyo, "kama hela ya kula hamna mngekaa kwenu, ziwa halikimbii".

Nikamtazama. Mama akatazama chini. Hapo ndipo niliumia, siyo neno lenyewe, ni mama kutazama chini. Huyo mwanamke kalima tumbaku Urambo, kasomesha watoto sita kwa jembe, hajawahi kutazama chini mbele ya mtu, leo anatazama chini mbele ya kijana wa geti kwa sababu ya uji.

Wakati tumesimama hapo ikaja gari, vijana watano, wameshusha deli kubwa la barafu, soda na bia zimejaa mpaka kifuniko hakifungi. "Karibuni mabosi." Geti wazi, tena aliwasaidia kubeba! Nikamuuliza na lile deli ni chakula cha ndani? Akaniambia "dada usitafute ugomvi, wale ni wateja". Na sisi tuliolipa elfu kumi ni nani?

Nikaomba hela yangu. Hela ikishaingia haitoki, akasema. Nikaomba meneja, meneja yuko mjini. Nikapaza sauti, ndiyo, nilipaza sauti na siombi radhi. Yeye akachukua ile chupa akaenda kuiweka nje ya geti, chini, pembeni ya pipa la takataka. Mama hakusema kitu, akaenda akainama akaiokota, akachukua ncha ya kanga yake akafuta mdomo wa chupa kwa kuzungusha, polepole, mara mbili, akafunga. Akasema "twende zetu mwanangu". Kwa hiyo mtu akiniambia ile sehemu mchanga wake mweupe na maji yake unaona mpaka kokoto za chini, namwambia ndiyo ni kweli, niliyaona kupitia kwenye matundu ya geti.

Nijitahidi kuwa mkweli. Sheria ya vyakula vya nje ipo sehemu nyingi na biashara ni biashara, yule mwenye sehemu naye ana kodi na mishahara. Angesema kwa adabu, shikamoo mama, samahani mama, tuna utaratibu huu, pengine ningeelewa, mama angekunywa uji wake nje kwenye bajaji tukarudi ndani. Hilo nalikubali. Lakini hapana, nikifikiria lile deli hasira zinarudi upya, kumbe sheria ni ya masikini peke yake.

Dereva wa bajaji alikuwa hajaondoka, alikuwa anahesabu chenji, kasikia yote. Akashuka. "Shikamoo bibi." Ya kwanza siku hiyo. Akasema hapa mnapoteza muda, twendeni Kibirizi mkaone ziwa lenye watu. Na hakuongeza hata mia.

Kibirizi siyo sehemu ya kupiga picha za harusi, nisiwadanganye. Ni mwalo. Harufu ya dagaa inakupokea kabla hujashuka, boti zimejazana, kuna zinazokwenda Gombe kwa sokwe, watu wanapakia magunia, makelele. Choo cha shida. Mgeni anayetaka kulala juani na kitabu asiende. Wakina mama wanaanika dagaa, wengine kwenye chanja wengine chini, na mwanga wa jua ukipiga wale dagaa wabichi ni kama mtu kamwaga vipande vya kioo.

Mama katika kuchanganyikiwa akamsalimia mmoja wao "mwangaluka", kasahau kwamba hapa si kwetu. Yule mama akacheka kwa furaha, akaitikia kwa Kiha, hakuna aliyeelewa neno la mwenzake na wote wanacheka. Alikuwa na kitenge cha kijani na kitambaa cheupe kichwani. Hakuuliza mmebeba nini. Akatikisa mkeka, akautandika kwenye kivuli cha boti iliyopandishwa nchi kavu, akasema "kaa hapa bibi, jua hili la kuanika dagaa siyo la watu". Mama akatoa ile chupa, akamimina uji kwenye kifuniko, na mtoto wa yule mama, wa miaka kama minne, akaja akasimama anaangalia. Mama akampa kifuniko chote. Yeye akanywea kwenye kikombe cha bati alicholetewa na mwenyeji.

Wamekaa pale kama masaa matatu. Yule mama anageuza dagaa anarudi, anageuza anarudi. Akatueleza kwamba wavuvi wanatoka usiku na taa, dagaa wanafuata mwanga, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika kwa sababu ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki. Akaeleza na ile miezi mitatu ya kufunga uvuvi, walianza 2024, katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya wa nane, ili samaki wazaliane. Akasema sasa samaki wanaonekana. Nikamuuliza, ila ile miezi mlikula nini, akasema tulikopa. Mimi Tabora nilichojua ni kwamba dagaa wa Kigoma wamepanda bei tu, nikawa nanung'unika sokoni. Nikaona aibu.

Baadaye mama akavua ndala akaingia majini mpaka kwenye vifundo. Akayachota akaonja, akageuka kwangu kashangaa, "hayana chumvi!" Alidhani maji mengi hivyo lazima yawe ya chumvi. Nikamwambia ni maji baridi mama, na kina chake ni karibu mita 1,470, ni ziwa la pili duniani kwa kina. Akatoa mguu mmoja haraka. Kisha akaurudisha.

Mchana tulikula kwa mama ntilie hapohapo, samaki mgebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, mama alichukua minofu bila pilipili na tumbo halikumsumbua. Usiku ule ulikuwa wa giza, mwezi hakuna, tukiwa gesti tukaona taa za wavuvi zimewaka ziwani nyingi mpaka mama akauliza ule ni mji gani ng'ambo. Nikamwambia ule siyo mji, wale ndio wanaotafuta dagaa wa yule mwenzio. Akakaa dirishani mpaka nikasinzia.

Kwa hiyo nikiulizwa Kigoma nyota ngapi sijui nijibu nini. Nilipotoka pale getini nilikuwa nimeshaamua moja, kwa mji mzima, na nilishawaambia wadogo zangu wasithubutu kwenda. Jioni ile nikawa naona nimewaonea watu wa Kigoma. Yule kijana sijui hata ni wa wapi. Nendeni, pelekeni wazazi wenu, pitieni Ujiji, pitieni Kibirizi, ila ukifika sehemu ya kulipia ulizia utaratibu wa chakula KABLA hujatoa hela na dai risiti, na kama aliyeko getini hajamwamkia mzazi wako geuza bajaji hapohapo usisubiri kama mimi. Ile sehemu yenyewe siipi hata nusu nyota. Wanaweza wakaweka vitanda vya dhahabu.

Nililosahau, na linaniuma kuliko ile elfu kumi, ni kuchukua namba ya yule mama. Tuliondoka haraka, alitujazia mfuko wa dagaa akakataa hela, na treni ilikuwa kesho yake. Mama bado ananiuliza. Kama kuna mtu wa Kibirizi anasoma hapa, ni yule wa kitenge cha kijani aliyekuwa anaanika karibu na boti iliyopandishwa juu, ana mtoto mdogo wa kiume anayependa uji. Mwambieni bibi wa Tabora mwenye chupa nyekundu anamsalimia, na asali yake ameshaitenga, lita mbili, ipo chini ya kitanda inamsubiri.