Kilomita 31,000 na Yamaha Ténéré 700: kwa nini niliacha pikipiki kubwa

Pikipiki yangu ya kwanza ya safari ndefu ilikuwa kubwa kwelikweli. Injini ilizidi cc 1,200, na nikishajaza tangi na kufunga masanduku mawili ya alumini pembeni, uzito ulivuka kilo 300. Kwenye lami ilikuwa raha tupu. Nilikuwa nakata kilomita 600 kwa siku na kushuka bila mgongo kuuma, upepo unapita juu ya helmeti, mlima unapanda bila kubadili gia. Sitaitaja jina kwa sababu haikuwa na kasoro yoyote. Niliichagua kwa kufikiria lami peke yake, kisha nikaipeleka mchangani.

Ilikuwa jioni ya siku ya tatu ya safari. Njia ilishuka kwenye korongo la mto uliokauka, mchanga mlaini wa kama mita 40 tu, halafu ardhi ngumu ng'ambo. Niliona mchanga nikaogopa, nikaachia mafuta. Hapo ndipo nilipoharibu, maana kwenye mchanga ukiachia mafuta uzito wote unahamia mbele na gurudumu la mbele linazama. Usukani ukajikunja, pikipiki ikalala upande wa kushoto, na sanduku likaubana mguu wangu juu kidogo ya kifundo. Buti lilikuwa gumu na mchanga ulikuwa laini, kwa hiyo niliweza kuufukua kwa mikono hadi mguu ukachomoka. Baada ya hapo nikajaribu kuinyanyua pikipiki. Haikutikisika. Ikabidi nifungue mzigo wote, nitoe masanduku, nipumzike, nijaribu tena. Iliposimama jua lilikuwa limeshazama, na mikono ilitetemeka kiasi kwamba sikuweza kufunga kamba ya helmeti.

Usiku ule, nikiwa nimelala kwenye hema ukingoni mwa korongo, swali langu kuhusu pikipiki lilibadilika. Zamani nilikuwa nauliza ina nguvu za farasi ngapi. Sasa nauliza: nikiwa peke yangu, nimechoka, naweza kuinyanyua mara tatu kwa siku moja?

Niliiuza miezi miwili baadaye, nikakaa karibu nusu mwaka nikikodi, nikiazima na kujaribu nyingine kabla ya kununua tena. Mwendeshaji mmoja mzoefu alinifundisha kunyanyua vizuri, na nilifanya hivyo kwa kila pikipiki niliyopewa ruhusa kuilaza kwenye majani. Zima injini, iache kwenye gia ili gurudumu lisiviringike. Kama imelalia kulia, shusha kwanza stendi ya pembeni, la sivyo utainyanyua na kuiangusha upande wa pili. Kunja usukani hadi mwisho, ipe pikipiki mgongo, bandika makalio kwenye ukingo wa kiti, shika mkono wa usukani ulio chini na chuma chochote imara cha nyuma, kisha rudi kinyumenyume kwa hatua fupi. Kazi inafanywa na miguu, siyo mgongo. Kwa njia hii nilinyanyua hata BMW R 1250 GS Adventure, ambayo ina kilo 268 na tangi la lita 30, lakini ilikuwa kwenye majani, asubuhi, nimeshiba usingizi. Mchangani ni habari nyingine kabisa.

Kuna jambo la historia lililonisaidia kutuliza akili. Mbio za kwanza za Paris–Dakar, zile za masafa marefu za kuvuka jangwa, mwaka 1979, mshindi wa pikipiki alikuwa Cyril Neveu akiwa juu ya Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja. BMW walipotoa R 80 G/S mwaka 1980, ile iliyoanzisha ukoo mzima wa hizi kubwa za leo, haikufika kilo 200, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo Paris–Dakar. Herufi zile mbili zinasimama kwa maneno ya Kijerumani yenye maana ya ardhi korofi na barabara. Uzito uliongezeka baadaye, kadiri wanunuzi walivyotaka starehe ya lami: kioo kirefu, viti vya watu wawili, tangi la kuvuka nchi. Hakuna ubaya. Ila mtu anayeuliza achukue pikipiki gani inabidi akumbuke kwamba kilo zile ziliongezwa kwa ajili ya upande mmoja wa safari.

Katika nilizojaribu, Suzuki V-Strom 650 ndiyo ningempa mtu ambaye safari yake ni lami kwa asilimia tisini. Ile injini ya cc 645, yenye silinda mbili zilizokaa kama V, ni tulivu, tangi ni lita 20, gurudumu la mbele ni inchi 19, na unakaa kama uko kwenye kiti cha nyumbani. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa inakwenda bila wasiwasi. Royal Enfield Himalayan ya kwanza, ile ya cc 411, ilinigusa moyo: nguvu zake ni za farasi 24 na kidogo, lakini kiti kiko milimita 800 tu kutoka ardhini na unaweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili katikati ya matope. Siku nzima ya njia mbovu nilitoka nayo sijachoka. Kilichonizuia ni barabara kuu. Mimi safari zangu nyingi huanza kwa kilomita 400 za lami kabla sijafika penye vumbi, na mlimani nikiwa na mzigo nilibaki nyuma ya malori. Honda CRF300L Rally ni nyepesi kuliko zote, kama kilo 153, na kwa anayekaa karibu na milima na misitu sioni sababu ya kununua kingine. Honda Africa Twin yenye gia za kujibadili zenyewe niliendesha siku moja tu, nikaipenda, hasa kwenye miinuko ya mawe ambapo injini haizimi hata ukikosea, lakini kilo 230 na zaidi zilinirudisha kule korongoni.

Nikachukua Ténéré 700. Sasa tuna miaka miwili na miezi kadhaa, kilomita 31,000, na kwa makadirio yangu theluthi moja ni vumbi, mchanga na mawe.

Ina kilo 204 ikiwa na mafuta na oili. Injini ni cc 689, silinda mbili, nguvu za farasi kama 72. Ukiangalia karatasi peke yake ni takriban nusu ya nguvu za ile kubwa niliyouza, na nilipoipanda mara ya kwanza nilidhani nitaumia kwa kukosa nguvu. Haikutokea. Kombo yake, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, ina pini zilizotenganishwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo mapigo ya silinda hayapishani kwa usawa. Kuna pigo, pigo, halafu nafasi. Unalisikia kwenye sauti, na mimi nalihisi kwenye tairi la nyuma pia. Kwenye kokoto inayoteleza, nikivuta mafuta taratibu, tairi linashika, linaachia kidogo, linashika tena, na mwili unapata nafasi ya kujua kinachoendelea huko nyuma. Imenifundisha kuamini mafuta mahali ambapo zamani nilikuwa naachia.

Magurudumu ni ya spoku, inchi 21 mbele na 18 nyuma. Kipimo hiki ndicho ningemwambia mnunuzi akitazame kabla hata ya injini. Gurudumu kubwa na jembamba la mbele linapanda juu ya jiwe badala ya kuligonga, na tairi za inchi 21 na 18 zenye meno makubwa ndizo zenye chaguo nyingi. Lakini zina tyubu ndani, na hilo lina gharama yake ya muda. Msumari ulinipata nikiwa mbali na gereji yoyote. Nililaza pikipiki juu ya sanduku la mbao, nikatoa ekseli, nikakanyaga ukingo wa tairi kwa kisigino cha buti hadi likaachia rimu, nikaingiza vyuma viwili vya kufungulia, kidogo kidogo, kidogo kidogo. Tyubu nilipoitoa ilikuwa ya moto na imejaa unga mweusi wa mpira. Kabla ya kuweka nyingine nilipitisha vidole ndani ya tairi lote, polepole, na kweli, ncha ya msumari ilikuwa bado imo, imebaki kama milimita mbili. Ningeipuuza ningetoboa tyubu mpya papo hapo. Kazi nzima ilichukua saa moja na nusu. Mwenye rimu zisizohitaji tyubu angechomeka kizibo na kuondoka baada ya dakika kumi. Basi kama unanunua pikipiki yenye tyubu, jifunze kubadilisha nyumbani kwanza, mara mbili, tatu, hadi mikono ijue.

Sehemu ambayo wengi hawaizungumzii ni shokapu. Za Ténéré zina mwendo wa milimita 210 mbele na 200 nyuma, nzuri sana, lakini hazijui wewe una kilo ngapi wala umebeba nini. Safari yangu ya kwanza nayo nilifunga mabegi, nikaondoka, na kwenye lami usukani ukawa mwepesi, unayumba, taa usiku inamulika matawi ya miti. Sababu ilikuwa mzigo: nyuma ilizama, mbele ikainuka. Nilipofika nilichukua futi ya kupimia. Pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama moja kwenye mkia gurudumu likiwa linaning'inia. Kisha panda ukiwa na mavazi yote na mzigo wote, mwenzako apime tena. Tofauti iwe kama theluthi moja ya mwendo wa shokapu, kwangu milimita 65 hivi. Mimi nilikuta 85. Nyuma kuna kinobu cha mkono cha kukaza springi. Nilikizungusha mara kadhaa, nikapima upya, na pikipiki ikawa nyingine kabisa. Wapo watu wanaouza pikipiki nzuri kwa sababu hawakufanya kipimo hiki cha dakika kumi na tano, na jambo hilo linaniuma.

Masanduku ya alumini sikuyarudia. Natumia mabegi laini ya pembeni, jumla hayafiki kilo 18 yakijaa, na vitu vizito kama vifaa na maji viko chini na mbele kadiri inavyowezekana. Nikianguka, begi linabonyea badala ya kuukata mguu. Hasara yake ni kwamba ukiiacha pikipiki mahali huwezi kufunga kwa ufunguo, hivyo vya thamani natembea navyo.

Tangi ni lita 16. Lami kwa mwendo wa wastani napata kilomita 22 kwa lita, hivyo nikifika kilomita 300 natafuta mafuta. Mchangani inashuka hadi 17, na hesabu hiyo lazima uifanye kabla ya kuingia, siyo ukiwa ndani. Cheni naipaka mafuta kila kilomita 600 na zaidi ya hapo kukiwa na matope. Mwenye pikipiki inayozungusha gurudumu kwa shafti badala ya cheni hana kazi hii, na kwenye safari ya wiki tatu ni nafuu halisi. ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki, inazimwa kwa kitufe, jambo la lazima kwenye mteremko wa kokoto, lakini ukizima injini kwa ufunguo na kuwasha tena inarudi yenyewe. Nimejizoeza kuiangalia taa yake kila ninapoondoka.

Kuna mambo ninayoyakumbuka ya ile kubwa. Kioo cha mbele cha Ténéré ni chembamba na kiti ni kigumu. Baada ya saa nne za barabara kuu nataka kusimama, na viziba masikio ni sehemu ya mavazi yangu sasa. Kubeba mtu nyuma kwa siku nyingi singeshauri. Kama safari zenu ni za wawili, na lami ndiyo nyingi, chukueni kubwa bila kusita.

Kiti kiko milimita 875. Mimi siyo mrefu, nafikia kwa vidole vya miguu, na wiki za mwanzo nilikuwa natafuta jiwe la kukanyagia kila niliposimama. Nilichofanya ni kusogeza makalio upande mmoja na kushusha mguu mmoja kwa uhakika badala ya yote miwili nusunusu. Kuna vyuma vya kuishusha pikipiki, lakini vinakula uwazi wa chini, na ule ndio unaoiokoa injini kwenye mawe. Kiti kifupi ni bora kuliko kuishusha pikipiki yenyewe.

Mwaka huu nilirudi kwenye lile korongo. Nilishusha upepo wa tairi hadi psi 22, nikasimama juu ya vikanyagio, macho ng'ambo, gia ya pili, mafuta bila kuachia. Gurudumu la mbele liliyumba kushoto na kulia mwanzo hadi mwisho, nikaliacha liyumbe. Katikati ya kurudi nilianguka, upande uleule wa kushoto. Nikazima, nikaipa mgongo, nikainyanyua na mabegi yake yote. Nilipanda nikaendelea, na helmeti sikuwa hata nimeivua.