TAHADHARI: Anayeuza "maikrofoni ya Wolstenholme" ni tapeli

Jamani wadau, yule muuzaji niliyewasimulia, aliyeniuzia maikrofoni akidai ndiyo aliyoishika Kenneth Wolstenholme, mtangazaji wa BBC, kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1966, ni tapeli. Tapeli wa kukubuhu! Msimtumie hata senti.

Mzigo umefika jana. Nikafungua taratibu, karatasi moja baada ya nyingine, kitu chenyewe hicho hapo: maikrofoni ya kushikia mdomoni kama zile za watangazaji wa BBC, rangi imechubuka mkononi, kile kibao kinachogusa mdomo wa juu kimekwaruzika vizuri kabisa. Nikaigeuza. Jina lililoandikwa: Coles. Nilihisi damu inapanda kichwani. Fainali ya Wembley ilichezwa tarehe 30 Julai 1966, na enzi hizo maikrofoni za aina hii zilitengenezwa na kampuni ya STC. Kampuni ya Coles walikuja kuichukua kazi hiyo miaka ya 1970! Sasa Kenneth Wolstenholme aliishika lini hiyo ya Coles akiitangaza England na Ujerumani Magharibi?

Na msiniulize kwa nini nilimwamini, maana yeyote kati yenu angemwamini. Huyu mtu anaijua mechi ile. Alinisimulia bao la nne la England, lile la Hurst, watu wameshaanza kuingia uwanjani, sauti ya Wolstenholme inapanda, mpaka nikasisimka. Alizungumza kwa upole, hakunisukuma hata mara moja. Akasema maikrofoni alipewa na fundi mitambo mstaafu, akanitumia barua yenye sahihi na cheti cha uhalisi chenye stika inayometameta. Isitoshe, vitu vya watangazaji huwa vinatoka kweli majumbani: Vin Scully, aliyewatangaza Dodgers, timu ya besiboli ya Marekani, tangu 1950 hadi 2016, alivipeleka vyake mnadani mwenyewe mwaka 2020, akiwa hai. Na jezi unaweza kuilinganisha na picha za mechi, mshono kwa mshono. Mtangazaji amejifungia kibandani, picha utazipata wapi? Matapeli wanalijua hilo, ndipo wanapotupigia.

Nimerudi kuziangalia picha zake upya. Kila moja, kidole gumba chake kimekaa pale pale penye jina. Kila moja! Mtu wa namna hii ni wa kufungwa, si wa kuonywa. Arudishe hela, ashtakiwe, na kila anapouza afukuzwe. Amemchafua marehemu ambaye sauti yake tumeitunza kama mali, na mimi sitanyamaza mpaka nione pingu.

Mengine ya kuangalia: alitaka nimlipe kwa njia ya kutumiana hela ndugu na marafiki, ile ambayo ukishatuma huwezi kudai kitu. Cheti hakina jina la mtu unayeweza kumpigia. Halafu vifaa vya kazini huwa mali ya kituo, si vya mtangazaji, kwa hiyo mdai karatasi za kuonyesha vilitokaje. Nilipomuuliza habari za Coles akasoma, akanibloku.

Sasa nasikia anatangaza miwani ya Harry Caray, mtangazaji mwingine wa besiboli. Fremu nene nyeusi kama zile hununuliwa na yeyote! Aliyekwisha kumlipa aniandikie leo hii inboksi, asifute mazungumzo wala risiti, tumshtaki kwa pamoja.