TAHADHARI: Oili ya "mzigo wa mgodini" inayouzwa vijiweni. Kopo ni halisi, kilichomo sicho

Madereva wa bodaboda, bajaji, teksi na wenye magari binafsi hapa Dar es Salaam, kuna watu wanazunguka vijiweni, kwenye maegesho na nje ya gereji wakiuza oili ya injini, makopo ya lita 4 na chupa za lita 1. Bei yao ni karibu nusu ya dukani. Maelezo yanabadilika kulingana na mteja: huyu anaambiwa mzigo umetoka mgodini, yule anaambiwa umebaki kwenye mradi wa barabara, mwingine anaambiwa kuna kampuni inafunga ghala. Risiti hawana, duka hawana, na namba ya simu wanayokuachia ukiipiga baadaye haipatikani. Msinunue. Mimi ni fundi, injini zilizotumia oili hiyo nimezifungua kwa mikono yangu.

Kinachowaponza wengi ni kopo lenyewe. Mtu analigeuza, anaona nembo anayoijua, rangi sawa, maandishi sawa, anatoa hela. Ni kweli kopo ni halali, limetoka kiwandani kabisa. Hawa jamaa hawahangaiki kutengeneza makopo, wananunua matupu. Pitia gereji yoyote kubwa utaona kona ya makopo yaliyokwisha, na kuna vijana wanayapitia. Anayenunua plastiki ya kusagwa anapima kwa kilo, hana habari na lebo. Lakini kuna wengine wanachagua: lebo isiyo na mkwaruzo, kifuniko kipo, na kwa kopo la namna hiyo wanalipa bei nzuri. Plastiki ya kusagwa haihitaji lebo safi.

Ndani yake nimekutana na vitu vya aina mbili. Kuna oili chafu, ileile tunayoimwaga na watu kupaka mbao zisiliwe na mchwa, iliyochujwa na kupaushwa mpaka ikarudi rangi ya asali. Na kuna oili ghafi nyepesi iliyotiwa rangi tu, bila zile kemikali zinazoifanya oili iwe oili ya injini. Kemikali hizo ndizo kazi yenyewe. Kuna za kusafisha, za kushika masizi yasigande, za kulinda vyuma vinavyosuguana, na za kuifanya oili isiwe maji injini inapochemka. Ukiziondoa, umebaki na mafuta yanayoteleza vidoleni na kukuacha ukiwa kilomita mia chache mbele.

Kopo moja aliloniletea dereva wa bajaji ninalo bado, na ningependa kila mtu alione. Meno mawili ya pete ya kifuniko yana gundi iliyokauka, inang'aa ukiinamisha kwenye mwanga. Karatasi ya fedha iliyoziba mdomo ina mikunjo na alama ya kuungua upande mmoja, wakati ya kiwandani hukaa bapa imeshika mdomo wote. Stempu ya tarehe imepigwa juu ya sehemu iliyopauka kidogo, na ukipitisha kidole unasikia mkwaruzo, dalili kwamba stempu ya zamani ilifutwa kwa tina. Kisha geuza kitako. Makopo mengi ya plastiki yana kiduara chenye mshale au namba zinazoonyesha mwezi na mwaka kopo lilipotengenezwa. Hili la kwangu stempu inasema oili ilijazwa miaka kadhaa baada ya kopo kutengenezwa. Hakuna kiwanda kinachokaa na makopo matupu muda wote huo.

Injini ya bajaji hiyo ilikuja ikinoki. Nilipofungua kifuniko cha juu, kemshafti ilikuwa imechimbika, na chujio la pampu ya oili limezibwa na tope jeusi zito kiasi kwamba oili ilikuwa haipandi tena juu. Dereva aliniapia kwamba kijiti cha kupimia kilionyesha oili imejaa siku zote. Alikuwa anasema kweli. Kijiti kinapima kiasi, hakipimi ubora. Ovahoo ile ilimgharimu hela ambayo ingenunua oili halali kwa muda mrefu sana, na wakati wote bajaji imelala gereji, hesabu ya tajiri inamsubiri.

Wenye Toyota ndogo, IST, Vitz, Passo na ndugu zao, msidhani hili ni la bodaboda tu. Mfumo wa VVT-i, unaorekebisha muda wa valvu kufunguka na kufunga, unaendeshwa na msukumo wa oili kupitia vitundu vidogo. Tope likiingia humo, gari linapoteza nguvu, taa ya cheki injini inawaka, na mara nyingi mtu anaishia kubadilishiwa plagi na sensa zisizo na kosa. Ukiona taa nyekundu ya oili inawaka injini ikiwa ya moto kwenye foleni, halafu inazima ukikanyaga mafuta, zima gari. Usisubiri ufike nyumbani.

Tapeli anakula pia kwa watu wasiosoma lebo. Sikilizeni kidogo hapa. Namba kama 5W-30 au 20W-50 ni uzito wa oili tu: ya kwanza ni ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. Haisemi oili ni nzuri au mbaya. Ubora umo kwenye herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Kwa injini za petroli zinaanza na S, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo daraja linavyokuwa jipya: SN ilianza 2010, SP ilianza 2020. Hakuna daraja la SI, SK wala SO, hivyo ukiziona hizo kwenye kopo lirudishe. Na kuna chupa zinauzwa waziwazi madukani zimeandikwa SA kwa herufi ndogo nyuma. API wenyewe wanasema SA haina kemikali za kuongezea na haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930. Ile ni ya kuweka kwenye bawaba za mlango, si kwenye gari lako. Malori na magari ya dizeli yanatumia herufi za C, kama CF-4 au CI-4.

Pikipiki ina jambo lake la ziada. Kwenye pikipiki nyingi za gia na bajaji, klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Tafuta maandishi ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili ya klachi za namna hiyo. Ukiweka oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano ili kubana mafuta, klachi inateleza: injini inalia, chombo hakivuti, hasa ukiwa na abiria kwenye mwinuko. Wauzaji wa vijiweni wanamwambia kijana "hii ya gari ni bora zaidi, ina nguvu" na kumjazia kwenye chupa. Hata kama oili hiyo ingekuwa halali, si yake. Wanaokodisha zile pikipiki za magurudumu manne kwa watalii kule Unguja nao wamo humu. Chombo kile kinatembea kilomita chache kwa saa nyingi, kwenye mchanga na vumbi, hivyo kwa kumwaga oili hesabuni saa za injini kama kitabu kinavyosema, msingoje kilomita. Na kikishapita kwenye maji, chomoa kijiti. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe siku hiyohiyo.

Kuhusu kumwaga oili, kuna uongo wa pande mbili. Muuzaji wa kijiweni anasema oili yake inakwenda kilomita 20,000 bila kuguswa. Fundi mwenye njaa anakuita kila kilomita 1,500. Toyota kwa magari ya petroli ya soko la Japani yasiyo na tabo (turbo) wanaandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwenye mazingira magumu wanakata nusu: 7,500 au miezi sita. Foleni ya Mbagala, vumbi na safari fupifupi ni mazingira magumu, hilo halina ubishi. Mimi wateja wangu wa gari za kawaida nawamwagia kwenye 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, na filta inabadilishwa kila mara. Bodaboda fuateni kitabu cha pikipiki yenu na mpunguze kidogo, maana injini ina oili kama lita moja tu na inafanya kazi tangu alfajiri. Oili kuwa nyeusi mapema peke yake si ushahidi wa feki. Oili nzuri inasafisha, na uchafu unaosafishwa unaonekana.

Wala msiamini vipimo vya mitandaoni vya kupaka kidoleni, kudondosha kwenye karatasi au kuweka kwenye friji. Iliyochakachuliwa vizuri inapita vyote. Kinachokulinda ni mahali uliponunua: wakala anayejulikana, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) mkononi, kopo unalifungua wewe na unasimama mpaka lote limeingia. Simama kweli. Kuna gereji unaonyeshwa kopo jipya, unaenda kunywa soda, ukirudi kifuniko cha injini kimeshafungwa. Injini ya IST ya 1NZ inachukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kilichobaki kwenye kopo la lita 4 ni chako, ondoka nacho.

Kama umeshaweka oili ya hawa watu, usiendelee kutembelea. Mwaga, weka filta mpya, hifadhi oili kidogo kwenye chupa safi ya maji, na usitupe kopo. Piga picha lebo, stempu na kitako, andika namba ya simu ya muuzaji na mahali alipokukuta. Peleka FCC (Tume ya Ushindani), wenye mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, au TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Walioko Kenya wana KEBS (shirika la viwango la huko) na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia.

Na mafundi wenzangu, hili ni letu. Kopo likiisha, litoboe kitakoni na uchane lebo kwa kisu mbele ya mteja. Anayekuja kununua matupu yenye lebo safi, asipate hata moja.