Gitaa la umeme la mtumba: toka nalo juani, fungua kifuniko, ndo utoe hela

Oya mambo vipi machalii wa Chuga na wa Moshi, na wote mnaotucheki kutoka mbali, karibuni sana. Leo mezani nina hili Squier Affinity Strat la mtumba, Squier ni chapa ya bei nafuu ya kampuni ya Fender, muuzaji aliliposti kama rangi ya Daphne Blue, bei laki nne na nusu. Sauti tutaisikia ila naomba tuanze na rangi, maana watu kibao wananiambia bro rangi si rangi tu? Hapana. Rangi ndo inakuonyesha kama gitaa limeshapitia kwa fundi au bado liko kama lilivyotoka kiwandani, na siku ukitaka kuliuza mnunuzi anayejua ataanzia hapo hapo.

Kwenye picha yake alipiga na flashi, limepauka kabisa. Ndani kwenye taa ya tyubu nako huwezi kujua, ngoja nitoke nalo juani... haya sogeza kamera hapa kwenye pembe ya juu, unaona hivi vichembe vinavyometameta? Hiyo ni metaliki. Daphne Blue haina vichembe hata kimoja, ni bluu nyepesi iliyotulia, na Sonic Blue vile vile ila nyepesi zaidi. Hii iliyokolea na yenye vichembe ni Lake Placid Blue.

Na haya majina yana historia tamu sana kwa mtu anayependa magari, Fender miaka ya 50 na 60 walikuwa wanachukua rangi za kampuni ya DuPont, zile zile za kupigia magari Marekani, Lake Placid Blue ilikuwa kwenye Cadillac ya 1958, Fiesta Red ilikuwa kwenye Ford Thunderbird ya 1956, na mteja akitaka rangi maalumu alikuwa anaongeza asilimia 5 juu ya bei. Ndo maana gitaa likichubuka hapa Arusha mtu wa kumfuata ni mchanganya rangi wa magari pale mtaa wa Unga Limited, mwambie jina kamili la rangi, usimwambie "bluu bluu hivi".

Sasa kifuniko. Geuza gitaa, hiki cha plastiki mgongoni kimeshikwa na skrubu sita, chukua bisibisi ya nyota, taratibu usiue vichwa, wala huhitaji kulegeza nyuzi. Kitoe uangalie mbao iliyokuwa imefunikwa pembeni pale, jua halijawahi kufika hapo. Kwa hili, rangi ya chini na ya nje ni moja, safi kabisa, hakuna mstari wala tone la rangi ndani ya tundu la springi. Hii ni poliyurethani ya kisasa, haibadiliki kirahisi, kwa hiyo ukikuta nje tofauti na chini, ujue gitaa limepigwa rangi upya. Kupigwa rangi upya sio dhambi jamani, ila bei ishuke.

Kwa magitaa ya zamani ya Marekani yaliyopigwa nitro, yaani vanishi ya nitroselulosi, mambo ni tofauti kabisa, ile vanishi ya juu inageuka njano na miaka, Olympic White inakuwa krimu, Lake Placid Blue inavuta kwenye kijani, na chini ya plastiki unakuta rangi ya kwanza imebaki. Hapo tofauti ndo ushahidi mzuri. Na chonde chonde, gitaa la nitro usilifute na thina wala asitoni, inayeyusha, nimeona mtu kaharibu mgongo mzima akitoa gundi ya stika.

Serial namba iko nyuma ya kichwa, inaanza na ICS, yaani Indonesia, Cort (kiwanda kilicholitengeneza), Squier, halafu 21, ni la 2021. Bodi ni mbao ya popla, shingo imenyooka, freti bado zina nyama. Potenshiometa ya toni, ile kitufe cha kuzungusha, inakwaruza kidogo, dawa ya kusafishia inamaliza hiyo. Nilimwonyesha muuzaji vile vichembe pale pale juani akakubali bila ubishi, tukamalizana laki tatu na themanini, na kwa mtu anayepiga solo kanisani au anaanza bendi, kwa hiyo hela ningelichukua tena leo.

Haya, nachomeka kwenye ampu, sikilizeni pikapu ya shingo kwanza, yaani kinasa sauti cha nyuzi kilicho karibu na shingo.